Mwenyekiti Amefunga Sita

Jumanne, 8 Aprili 2025

Sukari yangu ni kumi na nne nukta mbili. Alhamdulillahi, angalau nimeijua.

Daktari Amos ameniambia kwa upole sana, namshukuru. Wengine hukufokea kama umewaibia dawa. Yeye alinipa kiti, akanionyesha namba kwenye kipimo, akaeleza kwamba vidonge peke yake havitoshi kama nitaendelea kujaza wanga tumboni. Wanga ni nini? Ugali. Wali. Chapati. Ndizi. Viazi vya kila aina. Uji, maandazi, na soda juu yake. Nikamuuliza sasa kimebaki nini duniani. Akasema samaki, mayai, mboga za majani, parachichi, nyama kiasi na maji. Na sahani iwe ndogo.

Nirudi Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 17. Isiposhuka chini ya kumi, naanza kuchomwa sindano. Kila siku! Akafungua droo, akanionyesha. Nilitoka jasho hadi kwenye nyayo. Mimi Sadallah, miaka hamsini na sita, muuza vitambaa ninayeheshimika mjini Babati, mwaka ule wa chanjo shuleni niliruka dirishani nikavunjika mkono. Na sikujuta.

Mke wangu Tunu amesema mbona jambo jepesi. Nyumbani atanipikia inavyotakiwa, na huko nje niwaambie watu kwamba nina sukari. Jepesi! Tunu hajui mambo ya uongozi. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya harusi ya kijana wa Luqmani. Harusi yenyewe Jumamosi hii. Makamu wangu ni Shomari, yule mwenye duka la mabati linalotazamana na langu. Akisikia naumwa, atasema kwa huruma kabisa kwamba mwenyekiti apumzike. Halafu kipaza sauti atashika nani? Shomari! Miezi mitatu nimeongoza vikao, halafu Shomari ndiye akaribishe wageni!

Hapana. Siri hii itabaki ndani ya nyumba. Namshukuru Mungu kwa kunijalia akili.


Jumatano, 9 Aprili

Kikao cha kamati kwa Kornelia, Maisaka. Kornelia ndiye mkuu wa chakula kwenye kamati yetu na ana mgahawa wake. Hajawahi kumwachia mtu aondoke kwake na njaa. Hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Nilikwenda na mpango. Wenzangu wakianza kula, mimi nitasimama nisome taarifa ndefu mpaka vyombo viondolewe. Nikasoma maturubai. Nikasoma viti. Nikasoma magari ya kumfuata bibi harusi, na rangi zake. Nikarudia viti. Watu wakala perege na ugali na wali kimya kimya. Shomari alikula samaki na mboga tu, anajifanya mstaarabu.

Nikamaliza, vyombo vimeondolewa. Ushindi! Nikakaa chini. Kornelia akatoka jikoni na sahani yangu peke yangu, imefunikwa na sahani nyingine, na ile ya juu haikukaa vizuri kwa jinsi ilivyojaa. Akasema mtu anayewasemea wenzake hawezi kulala njaa.

Mdomo wangu ukasema wenyewe: nimefunga.

Romana, katibu wetu, mwalimu, aliweka kalamu chini. Nikaeleza kwamba huu ni mfungo mosi, na sisi baada ya Idi tuna funga sita za sunna, na mimi ndiyo nimezianza leo. Luqmani akasema mashallah. Hata Shomari akasema mashallah. Kornelia mwenyewe yuko kwenye Kwaresima, akaniangalia kwa huruma kubwa. Nikajisikia mrefu.

Kisha Kornelia akatazama saa ukutani. Saa kumi na moja na nusu. Akasema magharibi si mbali, nisubiri. Mtu aliyefunga hawezi kuondoka kwake bila kufuturu, yeye atamjibu nini Mungu? Akarudi jikoni. Akaazima tende kwa jirani. Akapika uji wa pilipili manga na sukari. Akakaanga viazi. Kamati nzima ikabaki kunisindikiza, hakuna aliyetaka kuondoka. Adhana ilipolia, wote wakanitazama mdomoni.

Nimekula tende tano, uji vikombe viwili, viazi, na ile sahani.

Upendo wa watu hawa ni mkubwa. Nashukuru kweli. Lakini nimeumia.


Alhamisi, 10 Aprili

Njia ya mwongo fupi, lakini yangu leo imefika hadi Nangara.

Asubuhi Luqmani alikuja dukani kuniomba nikafuturu kwake. Nikajitetea. Akasema anayemfuturisha mfungaji anapata thawabu kama za mfungaji mwenyewe, kwa hiyo nisimnyime, hasa wiki hii ambayo anamuoza mwanawe. Hapo unasemaje? Nilishamwibia Mungu funga, sasa nimwibie Luqmani thawabu? Nikakubali. Akanishukuru hadi akanishika mikono miwili.

Mchana nilikula nyumbani mayai na kabichi, mapazia yamefungwa. Tunu alikuwa ananitazama tu.

Jioni, kwa Luqmani, Nangara. Mkeka umetandikwa, na juu ya mkeka kila kitu ambacho daktari Amos alikitaja kwa jina. Mihogo ya nazi. Ndizi na nyama. Tambi za sukari. Kaimati zinang'aa kwa shira. Nilipanga kuokota nyama kwenye ndizi na kuaga mapema. Nikaokota vipande vitatu. Ndipo mama yake Luqmani akaja akaketi kando yangu. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, akasema nakula kama mgonjwa. Mgonjwa! Nikashtuka. Akakata muhogo kwa mkono wake, akauchovya kwenye tui, akanilisha. Tonge la mama wa watu wa miaka themanini, utalitema? Akanilisha mpaka akachoka yeye. Halafu akaniombea dua ndefu ya afya.

Nimerudi nyumbani kidole gumba cha mguu wa kushoto kina ganzi. Hapo nikaogopa kweli. Marehemu kaka yangu alianza hivyo hivyo kwa kidole. Nikamweleza Tunu yote, funga ya uongo na kaimati tisa. Nilidhani atanigombeza. Hakunigombeza. Alinikanda mguu kwa maji ya uvuguvugu, akajifunga khanga, akasema anatoka kidogo kwenda kwa Kornelia kuulizia sufuria za harusi.

Nina mke mwema. Hata kwenye shida yangu anakumbuka sufuria.


Ijumaa, 11 Aprili

Siku ya aibu, na siku ya bahati.

Aibu kwanza. Baada ya sala ya Ijumaa imamu alisema vijana waige mfano wa mzee Sadallah, anayehangaikia harusi ya watu huku amefunga. Watu wakageuka. Nikatazama mkeka. Ee Mola, nisamehe, nitazifunga kweli zote sita, daktari akiniruhusu.

Nikarudi dukani na njaa. Tunu alikuwa amenifungia mayai mawili ya kuchemsha. Nikainama nyuma ya majora ya vitenge, nikamenya la kwanza, nikalitia lote mdomoni. Wakati huo huo akaingia Shomari! Alitaka mita mbili za satini ya kufungia viti. Akanisalimia. Nikaitika kwa kichwa. Akauliza bei. Nikamwonyesha kwa vidole. Akauliza kama naumwa meno. Nikainua macho juu, nikagusa kifua, kama mtu aliye kwenye nyiradi. Akasimama kidogo. Akasema basi asinikatize ibada yangu. Akatoka kwa adabu, bila satini.

Ameamini! Shomari si mtu mgumu kumdanganya. Namshukuru Mungu kwa kumfanya hivyo.

Jioni Romana alinialika nikafuturu kwake. Nilikwenda kama mtu anayepelekwa kortini. Lakini tazama bahati! Samaki wa kuchoma, mboga ya mnafu, nyanya, parachichi, na chai isiyo na sukari. Ugali haukuwepo. Wali haukuwepo. Nikajiuliza imekuwaje, kisha nikakumbuka ni Kwaresima, tena Ijumaa, wenzetu wanajinyima. Nimeishukuru sana Kwaresima. Nilitamani kumwambia Romana alivyoniokoa, lakini ningejifichua.


Jumamosi, 12 Aprili

Harusi imepita. Imependeza! Nimeshika kipaza sauti tangu asubuhi mpaka betri ikaisha.

Mpango wangu ulikuwa ule ule, nimefunga. Pilau lilipotoka, nikaitaja tena ile funga, kwa sauti ya unyonge. Sheikh aliyefungisha ndoa akasema hapana, funga ya sunna mtu ana hiari nayo, na kumfurahisha aliyekualika ni jambo jema, kwa hiyo mwenyekiti afungue na ale na wenzake. Watu wakaitikia. Luqmani akalengwalengwa na machozi. Basi nikafungua. Yaani nikafungua funga ambayo haikuwepo.

Tukakaa wanne kwenye sinia moja: mimi, Shomari, Luqmani na kaka yake. Na hapo ndipo akili yangu ilipong'ara. Kwenye sinia nani anajua umekula kiasi gani? Nikawa napeleka mkono kwenye wali na kuurudisha mtupu, halafu naokota nyama na kachumbari. Mkono unakwenda, mdomo unatafuna, kicheko kipo. Hakuna aliyegundua!

Tena ilitokea ajabu. Shomari alikuwa kila mara ananisogezea nyama upande wangu, na wali anausukumia kwa kaka yake Luqmani. Mara tatu, mara nne. Yeye mwenyewe wali hakuugusa. Nadhani alitaka watu waone jinsi anavyomheshimu mwenyekiti. Unafiki, lakini umenifaa. Ahsante, Shomari, hata kama hujui.

Keki nayo. Waliniita mbele nilishwe na maharusi. Nikajua nimekwisha. Kornelia ndiye aliyeshika sahani ya keki, na kipande alichomkabidhi bibi harusi kilikuwa kidogo kama kifungo cha shati. Watu mia tatu, keki imekuwa haba. Bahati juu ya bahati.


Jumapili, 13 Aprili

Shomari ametuma jogoo na kabichi tatu nyumbani. Anataka nini?

Nimefikiri mchana kutwa. Mtu hatoi jogoo bure. Lazima analenga uenyekiti wa kamati ijayo. Tunu amesema huenda ananipenda tu. Nimecheka. Jogoo nimemla lakini. Kwa kabichi. Alikuwa mtamu, nashukuru.


Jumanne, 15 Aprili

Nitaandika yote, hata yale ya aibu.

Leo ilikuwa kuvunja kamati. Desturi ni desturi, harusi ikiisha kamati inakutana mara ya mwisho, inakula, inapongezana, inavunjika. Kwa Kornelia tena. Tunu naye alialikwa. Funga nilishaifungua mbele ya watu wote Jumamosi, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha. Nilikuwa nimeandaa kuumwa tumbo.

Chakula kikaletwa. Pilau. Ndizi. Chapati zimekunjwa. Kila mtu anapakua. Mbele yangu Kornelia akaweka sahani yangu peke yangu, imefunikwa. Nikafunua. Perege mmoja wa kuchoma, mnafu, vipande vya tango, nusu parachichi.

Nikatazama sahani za wenzangu. Nikatazama yangu. Sijui nini kilinipata. Wiki nzima nimekuwa nikiomba sahani kama hiyo, na ilipokuja, niliona nimedharauliwa! Harusi imekwisha, sasa mwenyekiti anapewa majani kama mbuzi! Nikasimama. Nikasema kwa uchungu kwamba nimeitumikia kamati hii miezi mitatu, na kama kuna mtu anaona sistahili pilau, aseme waziwazi mbele ya wote.

Tunu akafunika uso kwa khanga.

Kornelia hakukasirika. Akasema, Baba Amna, kaa. Amna ni binti yetu, na Kornelia akiniita hivyo najua si mzaha. Akasema yeye ana sukari mwaka wa kumi na moja sasa, na sahani yake ndiyo hiyo hiyo, nitazame. Nikatazama. Perege, mnafu, tango. Akasema Alhamisi ile mke wangu alimfuata analia, akamwomba wanisaidie bila kuniaibisha. Usiku ule ule kila mtu kwenye kamati alishaambiwa. Romana akasema Kwaresima haikatazi ugali. Luqmani akasema mama yake alihuzunika sana, hajui amtume nani kuniomba radhi kwa ile mihogo.

Nikamtazama Shomari. Huyu sasa ndiye atakayecheka.

Shomari akasema yeye anajichoma sindano kila asubuhi, mwaka wa tatu, dukani kwake, nyuma ya mabati. Akatoa mfukoni kitu kama kalamu. Akaifungua. Sindano yenyewe fupi, nyembamba, nusura nisiione. Akasema kinachouma zaidi ni kuficha. Akasema siku ile ya satini aliliona ganda la yai kwenye ndevu zangu, na alivuka barabara akacheka mpaka akakaa chini, lakini dukani kwake, mlango umefungwa. Na uenyekiti? Akasema ni nani hapa anautaka uenyekiti? Kusoma orodha ya viti mara mbili?

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikalia. Nimelia mbele ya watu, mimi Sadallah, na perege mbele yangu. Nikawashukuru mmoja mmoja. Nikamshukuru Kornelia kwa keki ndogo. Nikamshukuru Shomari kwa nyama ya sinia. Tunu nilimshika mkono tu chini ya meza, na sisi si watu wa kushikana mikono.

Nikala sahani yangu yote. Mnafu wa Kornelia ni mtamu, sijui kwa nini sikuwahi kuuona.


Alhamisi, 17 Aprili

Tisa nukta tatu! Tisa nukta tatu!

Niliomba daktari Amos apime tena, nikijua kidole kitachomwa mara ya pili, na sikuruka dirisha. Tisa nukta tatu. Sindano hakuna, kwa sasa. Kidole cha mguu amekiangalia vizuri, kimewahiwa. Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Nilimshika daktari bega.

Akaniuliza nimefanyaje. Nikamweleza yote, kuanzia tende za Kornelia. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, akasema nisikilize. Akasema nilichokula siyo dawa kubwa, dawa kubwa ni wale watu. Ukialikwa, sema mapema na sema kweli: nina sukari, nipikieni hivi na hivi. Hakuna mtu Babati atakayekunyima sahani ya mboga. Uongo ulinipa kaimati, kweli ikanipa samaki. Akanitaka niseme mwenyewe, kama mwanafunzi. Nikasema: nina sukari, nipikieni samaki. Akasema vizuri, tena. Nikasema tena.

Nimetoka pale mtu mpya. Njiani nimerudia maneno yale mpaka karibu na stendi. Nina sukari, nipikieni samaki. Mbona mepesi! Tunu alisema tangu siku ya kwanza. Sitamficha mtu tena. Watu wakinipenda hivi, nifiche nini?

Simu ikaita. Simon wa Nakwa, mteja wangu wa siku nyingi. Ananialika Jumapili, Pasaka, na familia yangu. Nikashukuru sana. Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo niseme.

Akaongeza kwamba mwanawe wa kike anaolewa mwezi wa saba, amesikia jinsi nilivyoongoza harusi ya Luqmani, na baada ya chakula wazee watakaa kumchagua mwenyekiti wa kamati. Jina langu ndilo la kwanza. Anachotaka kujua tu ni kama afya yangu ni nzuri, maana kazi yenyewe ni kubwa. Na je, kuna chakula nisichokula?

Nikamwambia afya yangu ni ya chuma. Ila nimeng'oa jino.

Maskini Simon! Akanipa pole nyingi mno. Akasema nisihofu kabisa, mkewe atanipikia vitu laini vya peke yangu: mtori wa ndizi, viazi vya kuponda kwa siagi, uji wa ulezi wenye maziwa na sukari ya kutosha, na atasimama mwenyewe kuhakikisha namaliza.

Watu wa wilaya hii wana upendo, Mungu awabariki wote. Jino lenyewe nimelichagua la upande wa kulia, chini. Nimekata kipande cha pamba dukani nijaribu kukipachika shavuni. Kinakaa vizuri.